Usafiri wa kilimani Mikindani: kabla ya lami na teleferiki, malizeni habari ya maji na miguu

Mkuu mleta mada, umesema mmejenga kule juu Mikindani, Mtwara, nyuma ya Boma la Mjerumani, na kikundi chenu cha vijana kimepewa nafasi ya kupeleka andiko la usafiri kwenye mkutano wa mtaa. Mnataka kitu cha kudumu, si kifusi cha kila mwaka kinachoondoka na mvua. Waliotangulia kukujibu, mmoja amekupa lami hadi kileleni, mwingine teleferiki, yaani vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye waya. Mimi ni fundi sanifu wa barabara, nimezunguka sana mitaa ya Mtwara na Lindi, na nimekaa kwenye kamati ya mtaa ulioko mteremkoni kama wenu. Nitakuwa mrefu kidogo, nivumilie.

Teleferiki tuimalize haraka. Medellín kule Kolombia wanayo tangu 2004, La Paz ya Bolivia tangu 2014. Ile ni miji mikubwa, vibanda vya kwenye waya vinajaa kutwa nzima. Mikindani asubuhi ina wanafunzi, wachuuzi wa samaki na watumishi wachache wanaoelekea mjini, halafu njia inapoa mpaka jioni. Nani atalipa umeme wa kibanda kinachopanda kitupu saa sita mchana?

Sasa kazi yenyewe. Kilimani, njia na maji ya mvua vinagombania sehemu moja. Mguu wa mtu unakata uchochoro, mvua inaukuta uchochoro, msimu mmoja baadaye una korongo. Mwenye bajaji akilikwepa anapita uwanjani kwa jirani, na hapo mmeshaanza korongo la pili. Mvua za huku kwetu ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na zikishuka kwenye udongo wetu wa kichanga hazina subira. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa andiko lenu usiwe na chombo chochote cha usafiri. Uwe na mchoro wa maji: yanaanzia paa gani, yanakusanyikia wapi, yanatokea wapi kule chini. Tembeeni na mvua ikinyesha, mmoja ashike simu apige picha. Mtaro wa kwenye mteremko mkali ujengewe vizuizi vya mawe vya kukatisha, maji yapunguze kasi, na kadiri mteremko unavyokaza ndivyo vizuizi visogeleane. Mtaro ulionyooka bila vizuizi utakula ukingo wa njia mliyoichangia.

Mkishajua maji, njooni kwa miguu. Nasisitiza miguu kwa sababu kwenye mitaa yote niliyofanya kazi, wanaopanda kwa miguu ni wengi kuliko wanaopanda kwa chombo, ila kwenye kikao anayesikika ni mwenye gari. Mama mwenye ndoo kichwani haji kikaoni, yuko njiani.

Ngazi zina kanuni zake. Fundi akiachiwa atawawekea vidato virefu ili amalize haraka. Mwambieni kila kidato kiinuke sentimeta 13 hadi 15, na pa kukanyaga pawe na sentimeta 33 hadi 36, anayebeba mzigo asitafute mguu. Kila baada ya vidato kumi au kumi na viwili pawe na pa kupumzikia. Wekeni bomba la kushikia upande mmoja, na upande wa pili mfereji mwembamba wa zege wa kusukumia baiskeli. Mfereji huo hauongezi gharama ya maana, na mwenye baiskeli hatalazimika kuizungusha kwenye barabara ya magari.

Ngazi peke yake hazitoshi. Mwenye kiti cha magurudumu, mjamzito au mzee anahitaji njia ya kupinda, isiyo na ngazi, inayopanda taratibu. Kipimo kinachotumika sana ni mita 1 ya kupanda kwa mita 12 za kwenda. Piga hesabu: kilima cha mita 40 kinadai njia ya mita 480, na hapo hujaweka sehemu za kupumzikia. Ndiyo maana haiwezekani kila uchochoro uwe hivyo. Chagueni njia moja ya kupinda kwa mtaa mzima, ipite zahanati au shule kama ipo, nyingine zibaki ngazi. Kupima si lazima mkodi mtu. Chukueni mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule waashi wanaopimia leveli, na futi kamba.

Hapa niongeze jambo ambalo likipita halirudi. Kama eneo lenu limo kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kupewa hati makazi yaliyojengwa bila mpango, au litaingia, hakikisheni vichochoro vyenu vinachorwa kwenye ramani ya mipango miji kabla ya viwanja kupimwa. Nimeona mtaa uliopoteza njia iliyotumika tangu enzi za mabibi kwa sababu kwenye mchoro haikuwepo, mwenye kiwanja akapata hati, akajenga ukuta. Watoto sasa wanazunguka kilima kizima kwenda shule. Mita mbili au tatu za upana ziachwe leo, wakati majirani bado wanasalimiana.

Tuje kwenye vyombo. Wahandisi wengi, sehemu ya mwinuko mkali, watawashauri zege la mistari miwili, moja kwa kila upande wa magurudumu. Ni nafuu kuliko kufunika njia nzima, na kwa magari linafanya kazi vizuri. Lakini nani anapanda huko kwenu? Bajaji na bodaboda. Bajaji ina gurudumu la mbele katikati. Magurudumu ya nyuma yakikaa juu ya zege, la mbele linakokota kwenye udongo uliochimbika kati ya mistari, na kona ikifika usukani unakataa. Nimeshuhudia bajaji imelala ubavu kwenye mistari mipya kabisa, rangi ya zege bado haijakolea. Kwa hiyo ombeni sehemu kali tu, hata kama ni mita 60, ifunikwe upana wote, au katikati pajazwe mawe ya kushindilia na saruji. Sehemu tambarare ibaki changarawe. Kufunika vipande vibaya tu kunakubalika kitaalamu kwa barabara za magari machache, msione haya kuomba hivyo. Zege lichanwe michirizi ya kukatisha kabla halijakauka, ili tairi lipate pa kung'ata.

Kila mtu anazungumzia kupanda, wakati ajali ziko kwenye kushuka. Vijana wa boda wanazima injini juu waachie mpaka barabarani, kuokoa mafuta. Injini ikizimwa umebaki na breki tupu, na breki ikipata joto inalegea. Mbaya zaidi, kilima chenu kinamwagikia barabara kuu ya kwenda Mtwara mjini, kwenye malori ya makaa ya mawe ya bandarini, na msimu wa korosho ndiyo usiseme. Pale chini wekeni kipande cha tambarare kabla ya kuingia barabarani, na kijiwe cha boda kihamishiwe hapo, wasikae mdomoni mwa barabara. Hilo la kijiwe mnaweza kulimaliza wenyewe na viongozi wa boda kwa kikao kimoja cha chai.

Kuna ndugu ameandika kwamba vyombo vya umeme havitaweza kilima. Hesabu inasema vinaweza. Bajaji na abiria wake tuseme kilo 650, inapanda mita 50: umeme wa kupandia tu, ukiweka na upotevu, haufiki sehemu ya tano ya uniti moja. Ni chini ya shilingi mia. Kinachosumbua ni mota dogo linalopata moto likipanda taratibu na mzigo, pamoja na breki za kushukia. Muuzaji akikuambia betri inakwenda kilometa kadhaa, amepima tambarare. Mwambie aje apande na abiria watatu, ashuke, apande tena, halafu mguse mota. Kwa kuwa gesi ya Mnazi Bay iko hapa hapa mkoani kwetu na inazalisha umeme, sioni kwa nini tuendelee kusubiri petroli inayotoka mbali. Lakini chombo kije baada ya njia.

Mpelekee nani nini: barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, kwa hiyo kituo cha daladala chenye pa kuchepukia na kivuko cha waenda kwa miguu ombeni huko. Njia za ndani na mitaro yake ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Ruti na nauli za daladala ni LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Michoro ya viwanja ni manispaa. Nimeona andiko zuri likikaa mezani muda mrefu kwa sababu liliomba yote manne kwa ofisi moja, na ofisi ile ikajibu kwa ukweli kabisa kwamba haihusiki. Andikeni barua nne, muhtasari wa mkutano wa mtaa uambatishwe kwenye kila moja.

Na wakati. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, bajeti za halmashauri zinapikwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mkutano wa mtaa na wa kata uwe umekwisha kabla ya Desemba. Michango ya wananchi kusanyeni kuanzia Oktoba, malipo ya minada ya korosho yakitoka, watu wana kitu mfukoni. Msijenge papo hapo, mvua iko mlangoni. Nunueni mawe ya awamu ya kwanza, hela ya saruji itunzwe muinunue karibu na ujenzi, maana saruji ikikaa miezi mingi inapoteza nguvu, ngazi mjenge Juni.

Uliuliza pia kama kikundi kichukue ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotengewa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kununua bajaji. Fungu la vijana ni asilimia 4 ndani ya hizo, na bajaji zinakubalika. Chukueni moja kwanza. Ikimaliza msimu wa mvua ikipanda bila kubadilishwa shokapu kila mara, ombeni ya pili. Na kama mnaweza, ya kwanza iwe ya mizigo: ndoo za maji, mifuko ya unga, saruji na samaki. Mtu akishatuliwa mzigo, kile kilima anapanda mwenyewe.