Barabara Ikifungwa, Msirudi Nyumbani

Juzi dada mmoja wa Melbourne kaniandikia. Familia imefika Port Augusta, mji wa Australia Kusini kwenye mlango wa nyika, gari limesheheni mahema, watoto wako likizo, na barabara ya vumbi ya Oodnadatta imefungwa kwa mvua. Mume anataka wapite hivyo hivyo: gari ni Prado, na tope la Australia lina nini ambalo la kwetu halina?

Dada, mwambie shemeji atulie. Najua mnavyojisikia, maana kila mmoja wetu huku anataka wanawe walale chini ya nyota za nyikani angalau mara moja kabla hawajamezwa na simu.

Mimi ni mtu wa Lindi. Nimekua tukipanda basi kwenda Dar enzi kipande cha Ndundu hadi Somanga hakijaona lami, wanaume wanashuka kusukuma na akina mama wanavuka kwa miguu, viatu mkononi. Kwa hiyo tope sikusimuliwa. Pamoja na hayo, nilipogoma kupita barabara iliyofungwa, jamaa zangu wa Adelaide walinicheka kwenye grupu la WhatsApp mpaka usiku. "Mzee wa kusini kaogopa maji." Nimesamehe. Kusahau bado.

Tope la kule ni mfinyanzi mwekundu. Juu linakauka kwa jua la asubuhi, linapasuka nyufa ndogo ndogo, unasema tayari. Chini ni uji. Tairi jipya linajivika udongo na kuwa kipara ndani ya mita chache, usukani unazungusha kulia, gari linakwenda linakotaka. Na ukifanikiwa kupita ndiyo umeharibu zaidi, kwa sababu mifereji uliyoacha inakauka na kuwa migumu, na malori ya ng'ombe na ya vyakula ndiyo yanayopata tabu nayo mpaka greda lipite. Ndiyo maana kuna faini, na kampuni ya bima inaweza kukukana. Mwanzo wa barabara hizi kuna kibao kirefu chenye jina la kila njia, na pembeni yake kipande kinachobadilishwa: imefunguliwa au imefungwa. Kiheshimuni kile kibao.

Lingine linalowachanganya wageni: barabara inaweza kufungwa na mbingu ni nyeupe. Mwaka 2025 mvua kubwa ilinyesha magharibi ya Queensland mwezi Machi, na maji yakatambaa wiki nyingi kwenye mito ya Cooper na Diamantina mpaka ziwa Kati Thanda, lililo kama mita 15 chini ya usawa wa bahari. Ukitazama juu huoni wingu, ukitazama mbele barabara imegeuka mto.

Sisi tulikwama tukiwa na mama mkwe, amekuja kutusalimia kutoka Lindi, amevaa makoti mawili na kanga juu yake. "Mmenitoa kwangu nije kulala nje kwenye baridi hii?" Mke wangu akataka tugeuze Adelaide. Hapo ndipo nilipokaza. Ukirudi nyumbani, safari imekufa: kazini watajua upo, watoto watarudi kwenye televisheni. Tukabaki Quorn, mji mdogo jirani na Port Augusta, kwenye lami, watoto wakapanda treni ya zamani ya Pichi Richi. Siku nyingine tukaenda Wilpena, kwenye milima ya Flinders, ambako emu, ndege mkubwa mfano wa mbuni, alipita katikati ya kambi na mama mkwe akamfukuza kwa mwiko.

Barabara ilipofunguliwa, sisi tulikuwa karibu. Waliorudi mjini walisoma habari hizo wakiwa ofisini. Na wale wawili waliopita pembeni ya kibao? Mmoja tulipishana naye akivutwa na lori la wenye shamba, hasalimii mtu.

Marree, kijiji inakoanzia barabara ya Oodnadatta, mama mkwe alisahau baridi. Pale pana nakala ya msikiti wa udongo wa wachunga ngamia walioletwa karne ya 19 kutoka pande za Afghanistan na India, na mitende. Akasali rakaa mbili, akaniuliza kwa nini sikumleta siku ya kwanza. Nikanyamaza.

Basi dada, fanyeni hivi. Kaeni karibu. Angalieni taarifa ya barabara ya serikali ya jimbo asubuhi na jioni, achaneni na ya grupu. Ulizeni kituo cha mafuta, maana dereva wa lori ametoka huko leo. Wekeni chakula na maji ya ziada kuliko mlivyopanga, na siku za akiba, na subira, vijana wa siku hizi hatuna subira, tunataka kila kitu kama chipsi. Barabara zikifunguliwa, kwanza huwa kwa magari yanayovuta matairi yote manne tu, kwa hiyo mwenye trela asishangae. Na kaeni karibu, narudia.

Kambi someni masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kulipa. Sisi moja ilikataa katakata, eti mvua si kosa lao. Nimeacha kuwapigia. Mama mkwe bado anauliza, kila akipiga simu.