Mtoto asiyeweza kusoma, apimwe au tusubiri?
Dada, umeuliza mwanao wa darasa la tatu apimwe au usubiri. Mpeleke mapema! Wangu nilimwona mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, anahesabu chenji ya dagaa fasta hakosei hata mia, ila daftarini "dada" anaandika "baba", ticha akawa anamchapa eti mvivu, iliniuma sana. Anza na macho na masikio, hospitali ya Bugando wanapima, yakiwa poa ndo mtaalamu akae nae peke yake, mtoto asome maneno kwa sauti halafu asimuliwe hadithi aulizwe maswali, akielewa ya kusikia ila ya kusoma anakwama inaweza kuwa disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na uvivu wala akili ndogo. Na kama nyumbani mnaongea Kisukuma waambie, wasije wakadhani ugeni wa Kiswahili ndo tatizo la kusoma.