Keki Niliyompa Paka

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako niliusoma baada ya isha, nikalala nao. Unasema mwenzako wa chumbani hapo Dodoma, Mlutheri, kila usiku hupiga magoti kando ya kitanda robo saa nzima bila kutoa sauti, na juzi ukajikuta umekaa kimya naye mpaka akamaliza. Sasa unaniuliza: "Mama, nikizidi kuvutiwa na ibada ya mwenzangu, imani yangu haitalegea?"

Kwanza nikusimulie aibu yangu.

Tulipokuwa tukikaa Mkunazini, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa Kigoa, Mkristo mwenye asili ya Goa, India. Kila Krismasi alituletea sahani ya keki, imefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mwaka niliotimiza miaka tisa, mwenzangu wa chuo cha Kurani aliniambia chakula cha Krismasi hakiliwi. Bibi yako hakuwapo nyumbani. Nikaipokea sahani mlangoni, nikaenda nayo uani, nikampa paka. Bibi aliporudi akaikuta imeoshwa, akajua tumekula. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, basi akaijaza vileja, akanituma. Yule mama akaniuliza keki zilikuwaje. Nikamjibu, "Tamu sana, ahsante." Akafurahi mno, akanishika shavu.

Usiku ule usingizi haukuja. Dini nimeilinda na keki, nikashindwa kuilinda na uongo. Na paka mwenyewe alizinusa tu akaziacha. Waliofaidi ni sisimizi.

Ndiyo maana swali lako mimi ningeligeuza. Acha kwanza mwenzako atakufanya nini. Ulikaa robo saa bila kushika simu. Mara ya mwisho ulikaa hivyo lini juu ya mswala wako mwenyewe? Mimi miaka mingi nilitoa salamu huku roho iko jikoni, nasikiliza chai isifurike. Siku hizi baada ya alfajiri nakaa kidogo, simu naiacha chumba kingine, nayapitisha ya jana: nani nilimkata kauli, nani nilimcheka. Siku nyingine nasinzia tu, nisikudanganye.

Na hilo la kulegea, umewahi kumsikia Sheikh Abdulaziz al-Amawy? Mzaliwa wa Barawa, kadhi hapa Unguja karne ya 19. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu na kujenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, ameandika katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kwamba sheikh huyo alijitolea mwenyewe kumfasiria Zaburi, kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Hebu fikiri: kadhi, anamsaidia mmisionari! Kazi haikufika mwisho. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, halafu Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa wale waliokusudiwa kukisoma. Kubishana juu ya dini walibishana pia. Steere akafa 1882 akiwa askofu, sheikh akafa 1896 akiwa sheikh.

Aya ya 13 ya Suratul Hujurat unaijua: tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Sitakwambia dini zote ni sawa, maana mimi siamini hivyo, na nadhani hata mwenzako haamini. Wako wanaosema "zote sawa" upesi upesi ili wasisumbuke kumsikiliza mtu. Ule naona ni uvivu.

Muulize, kwa adabu, anasema nini pale kando ya kitanda. Akitaka atakujibu. Naye akikuuliza habari za udhu, mwoneshe, usimpe hotuba kama za mjomba wako.

Mtoto wa jirani anavuka Jumatano kwa boti, kisha apande treni ya SGR. Nimempa ndoo mbili ndogo za vileja, moja yako, moja ya mwenzako. Muulize kwanza kama anaipenda iliki, nimetia nyingi. Na hiyo ndoo ya kijani ni ya shangazi yako, irudi.

Mama yako