ULIZA FUNDI: Laptopu na amplifaya ya mzee, bila waya

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mzee alituachia amplifaya ya miaka ya 80 na spika zake mbili za mbao, mziki wake ulikuwa mzito balaa. Sasa nyimbo zangu zote, taarabu na dansi la zamani, ziko kwenye laptopu na laptopu iko upande wa pili wa sebule, sitaki waya upite katikati watoto wanajikwaa. Nimenunua kale kakifaa ka Bluetooth nikachomeka nyuma ya amplifaya, sauti inatoka inakwaruza na kunguruma, na hata nikipunguza bado ni mbovu, haina stirio, inasikika ya simu simu. Fundi wa mtaani anasema amplifaya imechoka ninunue sabufa mpya. Kweli? Na hii kitu haitakula bando langu? Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada yangu, usinunue sabufa kwanza. Zungusha hiyo amplifaya uangalie ile waya nyekundu na nyeupe umeichomeka kwenye tundu gani, maana naona dalili zote za mtu aliyechomeka PHONO. Tundu la PHONO ni la santuri tu, sindano ya santuri inatoa umeme kidogo mno, milivolti chache, kwa hiyo amplifaya inaukuza sana na kuongeza besi kwa makusudi, sasa wewe unaingizia kifaa kinachotoa mara mia ya huo umeme au zaidi, lazima ikwaruze. Hamishia kwenye AUX, au CD, au TAPE palipoandikwa IN au PLAY (usiweke OUT wala REC, hapo hutasikia kitu), halafu mbele geuza kile kitufe cha kuchagua kielekee hapohapo.

Hiyo sauti ya simu ni kitu kingine kabisa na haihusiani na amplifaya. Vifaa vingi vya aina hiyo vina maiki ndogo ya kupokelea simu, ndiyo maana Windows 10 inakuonyesha majina mawili ya kifaa kimoja, moja limeandikwa Stereo na jingine Hands-Free. Bonyeza alama ya spika pale chini kulia, chagua Stereo. Ukiwa na Zoom au programu yoyote inayotumia maiki ifunge, la sivyo itakurudisha kwenye sauti ya simu wimbo ukiwa katikati na utadhani kifaa kimekufa.

Kama mngurumo bado upo, kifaa kikiwa na betri yake chomoa chaja ukiache kicheze hivyohivyo. Ukiisha, tatizo ni chaja au njia ya umeme, jaribu chaja nyingine. Na usikifiche nyuma ya amplifaya, lile bati linaziba mawimbi, tafuta waya wa mita moja ukitoe pembeni kionekane. Bluetooth ya kawaida inafika kama mita 10 pakiwa wazi, ukuta wa tofali unapunguza, na maikrowevu ikiwashwa jirani inaweza kukatakata mziki kwa sababu zote zinatumia gigahezi 2.4.

Sauti ya laptopu iweke juu, karibu mwisho, halafu kupandisha na kushusha ufanyie kwenye amplifaya. Ukifanya kinyume unasikia mvumo mwingi kuliko wimbo.

Bando haliguswi kabisa, nyimbo ziko kwenye laptopu na Bluetooth haipiti intaneti. Bando linaliwa ukipiga za YouTube. Jambo moja zaidi, ukiangalia video sauti itachelewa nyuma ya midomo, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, bonyeza herufi J mara kadhaa mpaka viende sawa.

Kwa kweli hizo amplifaya za zamani zinastahili kutunzwa, nyingi zina transfoma nzito na spika za mbao zina sauti ya kujaa ambayo sabufa nyingi za bei rahisi hazina, na ukilinganisha kwa wimbo wenye fidla na ngoma utaisikia mwenyewe.

SWALI: Fundi, mimi nina risiva ya stirio na waifai ya nyumbani iko poa, nataka sauti bora kuliko Bluetooth. Nifanyeje? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Pitisha kwenye waifai, uko sahihi kaka. Bluetooth ya kawaida, ile inayotumia njia ya kubana sauti iitwayo SBC, inabana wimbo mpaka kilobiti 328 hivi kwa sekunde wakati CD ni 1,411, lakini AirPlay, njia ya Apple ya kurusha sauti kwa waifai, inaweza kupeleka sauti ya CD bila kuipunguza. Ukipata AirPort Express iliyotumika, ile ruta ndogo ya Apple inayopokea AirPlay, Apple waliacha kuiuza 2018 lakini bado inafanya kazi, ina tundu dogo la sauti, toa waya hapo uingie AUX, halafu tumia programu ya iTunes kwenye Windows, au Music kwenye Mac. Mwenye kupenda kujitengenezea achukue Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, aweke programu ya shairport-sync inayopokea AirPlay, ni ya bure. Chromecast Audio, kifaa cha Google cha kupokea mziki kwa waifai, ilitoka 2015 ikasitishwa 2019, ukiiuziwa ya mtumba hakikisha unaijaribu pale pale dukani. Na hata hapa bando haliliwi kama nyimbo ni zako mwenyewe, zinazunguka ndani ya ruta tu. Ruta yako ikiwa na gigahezi 5 weka laptopu huko, itakatika mara chache zaidi.