Ingekuwaje kama Norwei ingepata ndege kwa wakati? Maswali na majibu

Wasomaji kadhaa wameuliza iwapo Uingereza ingeweza kuiokoa Norwei, iliyovamiwa na Ujerumani tarehe 9 Aprili 1940, kwa kutuma ndege nyingi zaidi.

*Kama vingetumwa vikosi vitano vya ndege za kivita badala ya kimoja, je, Wajerumani wangezuiwa?*

Sidhani, na sababu yake inaonekana katika yale yaliyokipata kikosi hicho kimoja. Tarehe 24 Aprili, ndege 18 za kivita aina ya Gladiator za Kikosi cha 263 cha Uingereza ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege HMS Glorious zikatua juu ya ziwa Lesjaskog lililoganda, kwa kuwa viwanja vikubwa vya kusini vilikwisha kutekwa. Usiku ule kabureta ziliganda kwa baridi, na kulipokucha mafundi wachache waliokuwapo walihangaika kuwasha injini huku mabomu ya Wajerumani yakipasua barafu. Kufikia jioni ndege nyingi zilikuwa zimeharibiwa, baadhi yake zikiwa bado chini. Kuongeza ndege juu ya ziwa lile, pasipo mizinga ya kutosha ya kutungulia ndege wala rada, kungempa adui shabaha kubwa zaidi.

*Basi historia ingeweza kugeuka wapi?*

Kwa maoni yangu, ingegeuka asubuhi ya tarehe 9 Aprili, kwenye viwanja vyenyewe. Sola, karibu na Stavanger, kilitekwa na askari wa miavuli. Fornebu, karibu na Oslo, kilitekwa kwa namna inayoniuma kila ninapoisoma: marubani wa Norwei walipigana kwa Gladiator zao chache, ukungu ukawarudisha nyuma askari wa miavuli, lakini ndege za uchukuzi za Wajerumani zikatua hivyo hivyo chini ya risasi. Tuchukulie kwamba njia za kurukia za Sola, Fornebu na Værnes, kiwanja kilicho karibu na mji wa Trondheim, zingezibwa kwa malori na magogo usiku uliotangulia. Wajerumani wangekosa mahali pa kuweka ndege zao, na Namsos, bandari ambayo majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalishukia na ambayo iliteketezwa kwa mabomu tarehe 20 Aprili, huenda ingebaki ikifanya kazi kwa siku chache zaidi. Siku chache kama hizo zingekuwa na thamani kuliko vikosi vitano vilivyochelewa.

*Kwa nini Spitfire, ndege za kivita za Uingereza, hazikuruka kutoka Uskoti?*

Mafuta yake hayakutosha kwenda kupigana na kurudi. Hata ndege za Uingereza aina ya Skua zilizoizamisha manowari ya Wajerumani Königsberg huko Bergen, tarehe 10 Aprili, ziliruka kutoka visiwa vya Orkney zikiwa kwenye ukomo wa uwezo wao.

*Mbona kaskazini mambo yalikwenda vizuri zaidi?*

Kwa sababu huko kiwanja kilitangulia ndege. Bardufoss kiliandaliwa kwanza, kisha zikaja ndege za kivita aina ya Gladiator na Hurricane, na mji wa bandari wa Narvik ukakombolewa tarehe 28 Mei. Hata hivyo Ufaransa ilikuwa inaanguka, majeshi yakaondolewa, na tarehe 8 Juni Glorious ikazamishwa ikiwa na marubani kadhaa wa Gladiator na Hurricane hizo. Pamoja na meli mbili zilizoisindikiza, walikufa watu zaidi ya 1,500. Kwa hiyo, hata katika historia mbadala ambamo Sola na Værnes vimeokolewa, naiona Norwei ikiishikilia Trondheim hadi Juni, kisha ikiachwa peke yake kwa sababu ya vita vya Ufaransa.