Maswali ya Gereji: Chupa nzima ya Brasso na kava bado halionyeshi sura

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu barua za breki na plagi nimeziweka pembeni, manake maswali ya kung'arisha vyuma yamenizidi. Naona kila mwenye pikipiki Dodoma anataka injini ya kujitazamia meno.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda, kijiwe kipo Nkuhungu. Kuna jamaa hapa kava la injini yake linang'aa mpaka tunachania nywele, anasema kafanyia nyumbani ila hataki kutoa siri. Nikanunua Brasso nikasugua kava la klachi la Boxer yangu jioni mbili, chupa imeisha, kitambaa hata hakijawa cheusi na kava limebaki vilevile limefifia. Kuna dawa gani anatumia huyu?
Bodaboda, Nkuhungu

JIBU: Marahaba kijana. Hapo uliposema kitambaa hakijawa cheusi umejijibu mwenyewe. Aluminiamu ukiisugua na polishi lazima kitambaa kiwe cheusi tii, ule weusi ni vumbi laini la aluminiamu yenyewe linalotoka. Sasa kama hakuna weusi ujue hujaigusa, jioni zote mbili ulikuwa unasugua rangi au vanishi, makava mengi yanatoka kiwandani yameshapakwa siliva au nyeusi au vanishi ya kuzuia yasichakae, na polishi haiwezi kuitoa hiyo.

Kwa hiyo kwanza rangi itoke. Mwaga oili, fungua kava, tafuta na gasketi mpya kabisa kwa sababu ya zamani ikishabanduka mara nyingi inachanika, halafu paka rimuva ile ya mafundi rangi, nje kwenye hewa, vaa glavu. Ikishavimba kwangua na kijiti cha mbao, osha. Usije ukasikiliza wanaosema tumbukiza kwenye kostiki ya kutengenezea sabuni! Mimi nilifanya hivo nikiwa bado mwanafunzi wa gereji, kava la mteja, likaanza kuchemka povu nikafurahi nadhani uchafu unatoka, kumbe kostiki inakula aluminiamu yenyewe na ile inayotoka ni hidrojeni, gesi inayowaka. Nimelitoa limekuwa jeusi lina vishimo kama ngozi ya chura. Nililipa kava jipya kwa mshahara wangu, na mshahara wenyewe wakati huo ulikuwa chai na chapati.

Sasa msasa, na hapa ndo siri ya jamaa yako ilipo, wala sio dawa. Kioo ni uso usio na mikwaruzo ya kuonekana, basi. Polishi inafuta mikwaruzo midogo sana tu, ile mikubwa inaing'arisha tu ikaonekana vizuri zaidi, kwa hiyo kazi yote inaamuliwa kwenye msasa kabla hujafungua kopo. Nunua msasa wa maji namba 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000, namba ikiwa ndogo ndo unakwaruza zaidi. Kava likiwa na chapa za kuanguka unaweza kuanzia 320. Weka maji kwenye beseni na tone la sabuni, piga 400 kwa kwenda upande mmoja mpaka uso wote ufanane. Ukihamia 600 geuza upande, yaani kama ulikuwa unakwenda urefu sasa kata kwa upana, mpaka mistari yote ya 400 ipotee, na ukiona mstari hata mmoja wa zamani umebaki usihame, rudi. Hivo hivo mpaka 2000. Kila ukibadilisha namba mwaga maji, osha kava na mikono, manake chembe moja ya 400 ikibaki kwenye beseni itakuchorea mstari ukiwa kwenye 1500 na utalia. Watu wengi wanaruka kutoka 400 kwenda 1000 kwa kubana matumizi, halafu kava linang'aa kivulini, ukilitoa kwenye jua la Dodoma mikwaruzo yote inasimama.

Ukimaliza 2000 kava litakuwa kijivu laini kama limepigwa ukungu, usikate tamaa. Hapo ndo Brasso au Autosol inafanya kazi, kidogo kidogo kwenye fulana kuukuu ya pamba, weusi utatoka mwingi, badilisha upande wa kitambaa. Mwisho nyunyiza unga wa ngano kiganja kimoja ufute nao, unakamata mabaki ya polishi kwenye kona zote (wa ngano jamani, sio dona).

Kama una drili weka gurudumu la pamba na ile sabuni ngumu ya kung'arishia, ya kahawia kwanza kisha nyeupe, kila sabuni na gurudumu lake. Kava likandamize upande wa chini wa gurudumu, likinaswa litupwe chini lisikurukie usoni. Miwani na barakoa uvae, mikono mirefu na glavu za kulegea hapana. Na usitumie mashine ya kunolea chuma huku vumbi la aluminiamu limejaa, zile cheche zinaweza kuliwasha, na likishawaka usimwagie maji, funika na mchanga mkavu.

Ila nikuambie ukweli, aluminiamu isiyo na vanishi inafifia tena, hewa tu inatosha, na waksi kwenye injini ya moto haikai. Utakuwa unapitisha Autosol kila baada ya wiki mbili hivi. Na vumbi letu hili usilifute kavu, ni msasa pia, mwagia maji kwanza. Maji ya chumvi ya huku yakikaukia juu yanaacha madoa meupe, kwa hiyo kausha na kitambaa palepale.

SWALI: Habari ya kazi kaka. Baba ametuachia Land Cruiser ya zamani huku Kondoa, bampa ya mbele ni ya kung'aa ila ina vidoti vya kutu, na kona moja imeanza kumenyeka. Mdogo wangu anataka aipige msasa, nimemwambia asubiri jibu lako.
Dada mkubwa, Kondoa

JIBU: Umefanya la maana sana dada, mnyang'anye huo msasa. Hiyo ni kromu, na kromu ya bampa ni nyembamba kuliko unavyofikiri, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, chini kabisa chuma. Mkipiga msasa mtafika kwenye nikeli yenye rangi ya manjano kidogo, mkiendelea mtafika kwenye chuma na kutu itashangilia.

Chukueni karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ikunjeni, ilowekeni maji, sugueni vidoti taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu kwa hiyo kutu inatoka bila kuchuna. Kausheni vizuri, pakeni waksi ya gari, manake vile vitundu ambako kutu ilipitia bado vipo. Pale palipomenyeka hakuna polishi ya kusaidia, ni kupeleka kwa wanaopiga kromu upya au kuacha kama kumbukumbu ya mzee. Nyumbani msijaribu, dawa zake ni sumu kali.

Kwa ambao hamjui chuma chenu ni nini, tafuteni sumaku kwenye spika ya redio mbovu. Ikinasa ni chuma, mara nyingi chenye kromu juu. Isiponasa huenda ni aluminiamu au stenlesi, na stenlesi ni nzito na ngumu zaidi. Gonga pia, isije ikawa plastiki!

SWALI: Fundi, na diski ya breki nayo naweza kuipiga polishi ing'ae?
Kijana wa Manyoni

JIBU: Hapana. Pale padi zinaposugua panajisafisha penyewe kila ukifunga breki, ukipaka polishi yenye mafuta utabonyeza breki pikipiki iendelee na safari. Na ukiipiga msasa unaipunguza unene, wakati kwenye diski nyingi wameandika kabisa unene wa mwisho. Kama umeshaipaka, safisha na dawa ya breki, na padi zikiwa zimelowa mafuta nunua mpya.