Umefika London kusoma: usitume amana kabla ya kukiona chumba

Ndugu, nimekuelewa: umefika London kusoma shahada ya uzamili, umejihifadhi hosteli, na mtu anayejiita mwenye nyumba anakuhimiza utume amana kabla hujakiona chumba. Tafadhali usitume hata senti moja. Nenda ukakione, fungua mabomba, chungulia nyuma ya kabati kama kuna ukungu ukutani, ndipo usome mkataba. Katika upangaji wa kawaida, sheria ya England inamtaka mwenye nyumba aiweke amana yako kwenye mpango rasmi wa ulinzi ndani ya siku 30 na akupe maelezo yake kwa maandishi.

Jiandikishe kwenye kliniki ya daktari wa kawaida (GP) karibu na unapoishi ukiwa bado mzima, kwa kuwa ada ya afya uliyolipa ulipoomba viza inakupa haki ya kutibiwa. Kwa dharura piga 999.

Kuhusu kibarua, wengi wa ngazi yako huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini masharti ya viza yako ndiyo yenye neno la mwisho, hivyo ukiwa na shaka waulize washauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kabla hujaanza. Upweke nao ukikunyima usingizi kwa majuma kadhaa, muone mshauri nasaha wa chuo bila kusubiri.